Je, Machozi ya Sinema ni Bure?

Liko swali moja ambalo wazee huwauliza vijana kwa kuwacheka, na vijana hukosa la kujibu. Mtu ameketi mbele ya picha ya sinema. Ajua kabisa kwamba wale anaowaona ni watu waliolipwa ili wajifanye wapendanao, na ya kuwa kazi ilipokwisha walivua nguo zile, wakaenda zao kula chakula cha jioni. Hata hivyo koo lamkaba, machozi yamtoka, na kesho yake, akipalilia pamba, bado awawaza. Basi mzee humwuliza, "Je, umefiwa na nani?" Hajafiwa na mtu. Amelia kwa ajili ya watu wasiokuwako. Je, mtu huyu ni mpumbavu, au machozi yake yana maana?

Swali hili si la watu wa mjini tu. Zamani mwanakijiji aliyetaka kuona sinema ilimpasa kwenda mjini, au kungoja gari la sinema lipite. Siku hizi sinema humfuata mtu hata Samuye: iko katika banda la video, iko na katika simu ya mkononi ya kijana achungaye ng'ombe. Tena wametokea mafundi wa maneno, kama Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, waliosimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, hata asiyejua Kiingereza wala Kihindi akaifuata habari yote. Na katika picha zote, zile za mapenzi ndizo zishikazo moyo zaidi. Mtu huwa na moja aipendayo, akaitazama mara ya tano kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Jambo liingialo hivi ndani ya mioyo ya watu yafaa tulifikiri, wala tusilipite kwa kicheko.

Kwanza, tusidhani kwamba kuguswa na jambo la kuonyeshwa ni ugonjwa ulioletwa na umeme. Katika Usukuma, mavuno yakiisha, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana uwanjani, na chama kivutacho watu wengi ndicho kishindacho. Mtazamaji hakupata shamba wala ng'ombe kwa kutazama, lakini moyo wake ulikwenda pamoja na wachezaji. Kadhalika bibi akisimulia hadithi usiku, mtoto hulia kwa ajili ya yatima wa katika hadithi, na bibi hamkemei, maana ajua kwamba mtoto asiyeweza kulia kwa ajili ya yatima yule hatamhurumia yatima wa jirani.

Watu wa misheni nao waliitambua mapema nguvu ya picha. Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Misheni lilianzisha kazi ya kutengeneza sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara, ikaendelea hata mwaka 1937. Zilitengenezwa picha 35 hivi, za afya, za kilimo, na za faida ya kuweka fedha katika akiba ya Posta, nazo zikachukuliwa kwa gari mpaka vijijini. Ilikuwa kazi njema. Lakini akiba ya Posta, ijapokuwa ina faida nyingi, haimlizi mtu. Mafundisho ya namna ile huingia kwa mlango wa akili, na akili ikisahau, yametoka. Picha ya mapenzi huingia kwa mlango mwingine, na ndiyo maana yatupasa kuuliza yaingiza nini.

Tuchukue mfano wa picha moja ambayo watu wa nchi zetu waliipenda kweli. Yaitwa Awaara, yaani Mzururaji. Ilitoka India mwaka 1951, na msimamizi wake alikuwa Raj Kapoor, aliyeigiza mwenyewe pamoja na bibi Nargis. Habari yake ni hii. Palikuwa na hakimu, jina lake Raghunath, aliyeamini ya kuwa mtoto wa mtu mwema huwa mwema, na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo alimhukumu mtu mmoja, Jagga, kwa kuwa baba yake alikuwa mhalifu. Jagga akageuka jambazi kweli, akamteka mke wa hakimu. Lakini alipojua ya kuwa mwanamke yule ana mimba, alimwachilia arudi kwake, maana alijua kwamba shaka itafanya kazi ambayo kisu hakiwezi. Ikawa hivyo. Hakimu aliyasikia maneno ya watu, akamfukuza mkewe, naye akajifungua mtoto wa kiume barabarani katika mvua.

Mtoto huyo, Raj, alikua katika mtaa wa maskini huko Bombay. Shuleni alikuwa na rafiki, msichana aitwaye Rita. Lakini shule ilimtoa, mama yake akawa mgonjwa hana chakula, na mtoto akaiba mkate, akafungwa. Jagga yule yule akamfundisha wizi, ili aonyeshe kwamba hata mtoto wa hakimu aweza kuwa mwizi. Miaka ikapita, Raj akakutana tena na Rita, naye sasa ni mwanasheria aliyelelewa nyumbani mwa hakimu yule yule. Wakapendana. Rita akaja kujua ya kuwa mpenzi wake ni mwizi asiyejua jina la baba yake, wala hakumwacha. Raj aliposhtakiwa kwa kutaka kumwua hakimu, Rita ndiye aliyesimama mahakamani kumtetea, akamhoji hakimu mbele ya watu kwamba mshtakiwa huyu ni mwanawe. Walakini Raj hakuachiliwa. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na Rita akaahidi kumngoja. Hapo ndipo picha inapokoma. Tena hakimu yule aliigizwa na Prithviraj Kapoor, ambaye alikuwa baba mzazi wa Raj Kapoor mwenyewe.

Katika miaka ya 1950 na baadaye picha hii ilionyeshwa Unguja na katika miji ya Tanganyika, ikarudiwa mara nyingi. Bibi Laura Fair, mwanahistoria wa Marekani aliyetoa mwaka 2018 kitabu juu ya habari za sinema katika nchi yetu, aliwauliza wazee waliokuwa vijana siku zile, nao hawakuwa wameisahau Awaara. Watazamaji wengi hawakujua Kihindi. Hawakuwa wamefika Bombay, wala hawakuwa wa dini ya watu wale. Je, ni kitu gani basi kilichowaliza?

Mtu atasema, "Ni nyimbo zake na uzuri wa bibi yule." Haya, si kidogo, lakini nyimbo nzuri zilikuwamo katika picha nyingi zilizosahauliwa. Mimi naona kwamba picha hii ilitia mkono katika jambo letu wenyewe. Maana imani ya hakimu Raghunath tunayo sisi, tena tumeifanya methali: Mtoto wa nyoka ni nyoka. Huku kwetu kijana akipeleka posa, swali la kwanza si "Ana tabia gani?" bali ni "Mtoto wa nani huyu?" Wazee hutuma watu kimya kimya kwenda kuuliza: Ukoo ule una ugonjwa gani? Hakuna mwizi? Hakuna anayesemwa kwa uchawi? Wakiisha kuridhika, ndipo ng'ombe wa mahari wahesabiwapo. Sisemi kwamba swali hili ni la kipumbavu. Ndoa ni ya koo mbili, na mzazi asiyeuliza ni mzazi asiyejali. Lakini kila aliyekuwa kijana ajua ya kuwa wako watu wawili waliopendana kwa haki, wakatenganishwa kwa sababu ya jambo alilolitenda babu ambaye hata hawakumwona. Mtazamaji wa Unguja alipomwona Rita akimshika mkono mtu asiye na ukoo, hakuona jambo la Bombay. Aliona jambo la mtaani kwake, nalo limesemwa kwa sauti, ambapo nyumbani husemwa kwa kunong'ona.

Sasa tumefika penye kiini cha swali. Kwa nini mtazamaji yule yule, ambaye angemkatalia Raj posa ya binti yake, alimlilia Raj katika sinema? Je, ni mnafiki? Sidhani. Ni kwa sababu katika sinema alimjua Raj tangu tumboni. Aliona usiku wa mvua, aliona mama asiye na chakula, aliona mkono wa mtoto ukiunyosha mkate. Kijana afikaye mlangoni kuposa hatumjui hivyo. Twaona viatu vyake, twasikia jina la baba yake, basi. Wahenga wamesema: Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Sinema yatulaza katika kitanda cha mtu mwingine kwa muda wa saa tatu, na tukiisha kuwajua kunguni wake, hatuwezi tena kumhukumu kama tulivyomhukumu tulipokuwa mlangoni.

Kwa hiyo machozi yale si ya bure, wala si ya uongo. Jina la Raj ni la kubuniwa, lakini njaa ni ya kweli, na mwanamke aliyefukuzwa kwa maneno ya watu ni wa kweli, na mtu apendaye asikubaliwe ni wa kweli. Moyo haukudanganyika. Ulilia kwa sababu ulijua. Na kama kulia kwatoka katika kujua, basi ugumu wa mioyo yetu mahali pengine, mara nyingi, watoka katika kutojua. Hili ndilo fundisho ambalo picha ya mapenzi yaweza kumpa mtu, hata kama mtengenezaji wake hakukusudia kufundisha neno.

Walakini tusifurahi upesi, maana mtu mmoja mkubwa alikwisha kuleta shaka juu ya machozi kama haya. Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ulioko leo katika nchi ya Algeria, aliandika habari za ujana wake. Alisema kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido, malkia wa katika utenzi wa Virgil aliyejiua kwa sababu ya mapenzi, wala hakujililia nafsi yake iliyokuwa ikipotea. Tena alipokuwa Kartago alipenda sana michezo ya kuigiza, na baadaye akauliza swali lenye ncha: Hii ni huruma ya namna gani, ikiwa mtazamaji haitwi kusaidia, bali aitwa kuhuzunika tu, na kadiri anavyohuzunika ndivyo anavyowasifu waigizaji?

Swali hili ni la haki. Machozi ya sinema hayana gharama. Raj hataniomba debe la mtama. Rita hatakuja kulala nyumbani kwangu pamoja na mtoto mgonjwa. Mtu aweza kulia sana, akajiona kuwa mwenye moyo mwema, na kumbe wema wake wote umekwisha pale pale, kama mvua inyeshayo juu ya mwamba. Tena hatari yaweza kuzidi: aliyelia amejiridhisha nafsi yake, akadhani amekwisha kulipa deni la huruma, akarudi nyumbani mgumu kuliko alivyotoka.

Lakini Augustino amelijibu nusu tu ya swali. Nusu ya pili twaiona katika habari ambayo kila msomaji wa Biblia aijua. Mfalme Daudi alipokwisha kumchukua mke wa Uria na kumwulisha Uria mwenyewe, nabii Nathani hakuanza kwa kumshtaki. Alimsimulia habari ya tajiri na maskini, na ya mwana-kondoo mmoja aliyelelewa na maskini kama binti yake, tajiri akamnyang'anya. Mwana-kondoo yule hakuwako, wala tajiri hakuwako. Na Daudi, aliyekuwa hakuguswa na damu ya mtu wa kweli, aliguswa na hadithi hata hasira yake ikawaka. Ndipo Nathani akamwonyesha kwamba mtu yule ni yeye. Angalia jinsi jambo hili lilivyokwenda. Hadithi ilifungua mlango ambao mashtaka yasingeufungua. Lakini kama Nathani angeishia katika hadithi, Daudi angekuwa ameghadhibika bure.

Basi sinema ni kama nusu ya kwanza ya maneno ya Nathani. Nusu ya pili haimo katika picha. Taa zikiwashwa, au simu ikizimwa, hakuna nabii asimamaye kusema, "Ni wewe." Yampasa mtazamaji aliseme mwenyewe. Akilisema, machozi yake yamekuwa na kazi. Asipolisema, Augustino amemshinda.

Tena liko jambo jingine la kuangalia katika picha hizi. Nyingi hukoma pale ambapo mapenzi yaanza kuwa kazi. Rita aahidi kungoja miaka mitatu, na picha ikaisha. Lakini ile miaka mitatu yenyewe, siku moja moja, hatukuonyeshwa. Hatukumwona akienda gerezani na chakula, akichekwa na wenzake, akiamka asubuhi hana hamu. Mtazamaji asiyekumbuka hili huanza kumpima mke wake, au mume wake, kwa kipimo cha watu wasiozeeka. Mume aliyekwenda kutafuta dhahabu Geita akae miezi, kisha arudi amechoka, haimbi wimbo wowote mlangoni. Mke aliyebaki akichota maji na kuwalisha watoto hana nguo za bibi Nargis. Lakini yeye ndiye amefanya kwa mikono yake lile ambalo Rita aliahidi kwa kinywa. Afadhali picha ile itufundishe kuliona jambo hili, kuliko kutufanya tulidharau.

Na sasa, tukitaka kujaribu kama machozi yetu ni ya kweli, mahali pa kujaribia si mbali. Mama wa Raj alifukuzwa akiwa na mimba, kwa shaka na maneno ya watu, nasi tukamlilia. Je, binti wa hapa kwetu akipata mimba akiwa shuleni, twamfanyaje? Kwa miaka mingi katika nchi yetu binti wa namna hiyo alifukuzwa shule, wala hakurudi, hata mwezi wa Novemba mwaka 2021 serikali ilipotangaza ya kuwa akiisha kujifungua aweza kurudi kusoma. Mlango wa shule umefunguliwa, lakini mlango wa baba je? Aliyemlilia mke wa hakimu, kisha akamwambia binti yake atoke na asionekane tena, amelia kwa macho tu.

Tena liko jambo zito kuliko hilo, nalo lahusu mkoa wetu wa Shinyanga na nchi yote ya Usukuma. Wako bibi wazee waliouawa kwa kushukiwa uchawi, na alama iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Lakini macho yale yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi: mwanamke aliyepikia kuni na samadi kavu ya ng'ombe maisha yake yote, akiwalisha watu wale wale. Hakimu Raghunath alimhukumu mtu kwa ukoo wake. Hawa walihukumiwa kwa utumishi wao wenyewe. Lau mtu angesimuliwa habari za bibi mmoja wa hao, tangu alipokuwa msichana aliyependwa na kuposwa, mpaka mumewe akafa, mpaka jiko lake la mwisho, nadhani panga lingemtoka mkononi. Hakusimuliwa. Chozi la samaki, kama wasemavyo, huenda na maji.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, sikuambii uache kutazama picha uipendayo, wala sikuambii uone haya kwa kulia. Asiyeguswa kamwe na huzuni ya mwenzake, hata ya kubuniwa, simwonei wivu. Nakuambia neno moja tu. Picha ilikupa bure jambo ambalo ni ghali sana duniani: ilikuonyesha mtu kwa ndani, kabla hujamhukumu kwa nje. Katika maisha hakuna atakayekupa jambo hilo bure. Ni lazima ulinunue kwa kuuliza, kwa kusikiliza, na kwa kukawia kuamini maneno ya watu. Kijana akija kuposa, ulizia ukoo wake, ni haki yako; lakini umketishe pia, umwulize habari zake mwenyewe. Binti akikosa, sikiliza kabla hujafunga mlango. Bibi mzee akipita njiani na macho yake mekundu, mfikirie jiko lake.

Ukifanya hivyo, hata mzee atakapokuuliza umefiwa na nani, utakuwa na jibu. Mwambie hukufiwa na mtu, bali umeonyeshwa mtu, nawe sasa wamtafuta katika kijiji chako.